Nani Ampishe Nani Kwenye Korido

Nimefanya kazi nyingi kwa miguu yangu. Nilikuwa mwinjilisti wa Kilutheri katika vijiji vya Iringa tangu ujana, na mwinjilisti wa wakati wetu alikuwa mtu wa kutembea: ibada mtaa huu, kipaimara mtaa ule, maziko ng'ambo ya bonde, kisha kurudi nyumbani viatu mkononi kwa sababu ya tope. Lakini sikuwahi kudhani kwamba uzeeni, nikiwa na goti bovu, ningepewa kazi ya kutembea tu, kwenda na kurudi katika korido ya hospitali mjini Mbeya, ili mashine ipimwe kama inajua kukaa na watu.

Nilikuwa nimekwenda Mbeya kwa ajili ya goti hilo. Binti yangu, kitinda mimba wangu, anafundisha uhandisi katika chuo kimoja huko, na alinisihi nikae kwake mpaka daktari wa mifupa amalizane na mimi. Nyumbani tunamwita Mama, kwa kuwa tulimpa jina la mama yangu mzazi, na mtu aliyebeba jina la mama yako humwiti vinginevyo. Asubuhi ya pili aliniwekea chai mezani, akasema:

"Baba, una miguu ya kuniazima?"

"Mmoja ni mbovu."

"Huo mbovu ndio ninaoutaka. Wanafunzi wangu wanatembea kama mbuzi wa mlimani. Nahitaji mtu wa fimbo."

Ndivyo nilivyokutana na kigari.

Kilikuwa roboti ya kubebea vitu, kimo cha kiuno changu, chenye magurudumu manne na mwili wa mbao za paini. Seremala wa Mafinga alizipiga randa vizuri, hata ukifungua mlango wake unasikia harufu ya msitu. Ndani mlikuwa na rafu tatu za mashuka, dawa na sahani. Juu kilikuwa na kitu cha mviringo, kama kifuniko cha chupa ya chai, kilichozunguka bila kuchoka. Hilo lilikuwa jicho lake la mbali. Jicho la pili lilikuwa chini, usawa wa muundi, na kazi yake ilikuwa kutafuta miguu ya watu. Hakuna aliyekisukuma wala kukiongoza kwa rimoti. Kilitumwa kutoka chumba cha kufulia kwenda wodini, kikaenda chenyewe katikati ya wagonjwa, wauguzi, na ndugu waliokuja na vyombo vya uji.

Najua kilikotoka. Mama yake, mke wangu, alilazwa katika hospitali hiyohiyo kabla hajalala katika Bwana. Adhuhuri moja muuguzi wa zamu alikuwa peke yake, mashuka yakaisha, ikambidi awaache wagonjwa wote ayafuate mwenyewe upande wa pili wa majengo. Mke wangu alimwita wakati huo huo. Hakuna baya lililotokea. Muuguzi alirudi anahema, akamhudumia kwa upendo. Lakini binti yangu alikuwa amekaa pale kitandani akitazama mlango, na nadhani kigari kilianza kujengwa siku ile.

Sasa hospitali ilikuwa imempa chumba kidogo karibu na chumba cha kufulia, pamoja na ruhusa ya majaribio. Mwisho wa majaribio, jopo la hospitali lingekaa na kuamua: ama kigari kifanye kazi kati ya wagonjwa, ama chumba kirudi kuwa stoo na kigari kirudi chuoni, kwenye kona ya miradi iliyokufa. Jopo lilikuwa Alhamisi. Mimi nilianza kutembea Jumamosi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila aliyekutana na kigari aliulizwa maswali matatu ya fomu. Je, kilikugusa? Je, kilikuzuia njia? Je, ulijisikia salama? Alama zilikuwa moja hadi tano, na tano ndiyo nzuri kuliko zote. Nilipita mara ya kwanza nikiwa na fimbo yangu. Kigari kikaja kutoka mbele, kimya, kimenyooka katikati ya korido. Nilisogea ukutani. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, fimbo ikateleza, bega langu likagonga ukuta. Kigari kikapita salama salimini.

Binti yangu alikuja na fomu, macho yanang'aa kama siku aliyoleta matokeo yake ya kidato cha nne.

"Baba, ngapi?"

"Tano."

"Zote?"

"Zote. Hakikunigusa."

Na kweli hakikunigusa. Aliandika, akanishika mkono, nikajisikia baba mwenye bahati.

Siku zilizofuata goti lilivimba, nikaomba kazi ya kukaa. Alinipa benchi katikati ya korido, pamoja na daftari, niandike nilichokiona. Wauguzi walikuwa wamekwishakipa kigari jina. Walikiita Mheshimiwa.

"Pisheni, pisheni, Mheshimiwa anapita!"

"Mbona hana king'ora?"

"King'ora cha nini, na ninyi mnajitupa mtaroni wenyewe?"

Walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaitazama korido vizuri. Ilikuwa kweli. Walikuwa wanajitupa mtaroni.

Hapo nieleze jambo la zamani kidogo. Nilipoanza utumishi nilifundishwa na mwinjilisti mzee kupanga watu siku za Meza ya Bwana. Kanisa letu lilikuwa na njia moja nyembamba katikati. Wanaokwenda na wanaorudi walipita hapohapo, na siku ya Pasaka unaweza kuwa na watu wa mitaa minne. Mzee yule alinionya nisimtazame kiongozi anayepanga watu, kwa kuwa kiongozi huonekana hodari siku zote. Nitazame miguu ya bibi anayerudi kutoka madhabahuni. Mguu wake ukisita hewani, mpango ni mbaya, hata kama hakuna aliyegongana na mwenzake. Nilifanya hivyo miaka yote ya utumishi wangu. Macho yalizoea sakafu.

Basi nikatazama miguu. Kwa kila mtu aliyekutana na kigari nilichora mistari miwili daftarini, mmoja wa mtu, mmoja wa kigari. Aliyeendelea na njia yake nilimchorea mstari ulionyooka. Aliyekwepa, mstari uliopinda. Hadi Jumatatu mchana nilikuwa nimejaza kurasa kadhaa, na kila ukurasa ulikuwa unasema jambo lilelile. Mistari ya watu ilikuwa imepinda kama njia za ng'ombe. Mstari wa kigari ulikuwa umenyooka kama reli.

Sikumwonyesha binti yangu. Nilijiambia kwamba mimi si mhandisi.

Jumanne akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, akaniona nimekaa na mvi zangu. Kama walivyolelewa mabinti wa huku, alishuka chini akapiga goti kunisalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Homa imeshuka, baba, namshukuru Mungu."

Kigari kilikuwa kinakuja nyuma yake. Nilidhani kitasimama. Hakikupunguza hata mwendo. Kilipita karibu naye upana wa kiganja, na gurudumu la nyuma likapanda juu ya pindo la kitenge chake. Mama yule alivuta kitenge haraka, akageuka, akakitazama kigari kinavyokwenda zake, akasema kwa sauti ya upole:

"Samahani."

Alikiomba samahani! Mwanafunzi alipomfuata na fomu, nilimsikia. Kilikugusa? "Hapana, kilikanyaga kitenge tu. Tena mimi ndiye niliyekaa njiani." Ulijisikia salama? "Salama kabisa. Weka tano." Aliondoka akinipungia mkono, na mtoto mgongoni akinitazama.

Nilibaki na daftari mapajani. Huku kwetu mgeni hamsemi vibaya mwenyeji wake. Ukiulizwa chakula kilikuwaje, kilikuwa kizuri. Ukiulizwa ulilalaje, ulilala vizuri, hata kama kunguni walikukesheza. Sikumlaumu mama yule. Nilijilaumu mwenyewe. Nimefundisha watoto wa kipaimara amri ya nane, ile ya ushuhuda wa uongo, miaka mingi kuliko umri wa binti yangu, na mimi ndiye niliyetangulia kuandika tano, bega likiniuma.

Jioni hiyo tulikula ndizi na maharage. Nilisali, nikasema amina, nikaliweka daftari mezani karibu na sahani yake.

"Mama, zile alama zangu zifute."

"Zipi?"

"Tano zangu. Nilisema uongo. Kigari kilinisukumia ukutani, fimbo ikateleza."

Alicheka kwanza, akidhani ni utani. Akanitazama usoni, akaacha kucheka.

"Wewe, Baba? Uongo?"

"Mimi. Niliona unavyofurahi."

Nikamsimulia habari ya kitenge. Nikafungua daftari. Alisogeza sahani, akapitia kurasa moja baada ya nyingine, kidole chake kikifuata mistari iliyopinda. Kisha akaenda kuleta kompyuta, akatafuta rekodi ya Jumanne saa ile niliyomtajia, akaitazama mara tatu.

"Hakikumwona mtu," alisema. "Jicho la chini linatafuta miguu miwili. Yule amepiga goti, amevaa kitenge, hana miguu. Kimeona kitu kama ndoo au nguzo, na nguzo mtu hupita karibu nayo."

"Ndiyo hivyo."

"Na hawa wengine wote wanakikwepa."

"Wote."

Alifunga kompyuta. "Baba, jopo ni keshokutwa. Nina fomu nyingi, hakuna hata mmoja aliyesema kimemgonga. Hakuna hata mmoja! Unajua nimesubiri miaka mingapi?"

"Najua."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Ningeweza kumhubiria, mahubiri ninayo ya kutosha. Lakini nilikuwa nimekwishapoteza haki hiyo pale kwenye korido. Nilimwambia tu kwamba daftari ni lake, alichome au alitumie, nami sitamuuliza. Alitoa vyombo, akaosha, akaenda chumbani kwake. Nilikaa nikimwombea, na niseme kweli, sikujua nimwombee ujasiri au nimwombee kibali.

Alhamisi jopo lilikaa katika chumba cha mikutano. Walikuwa watu watano, na kichwa chao, kwa sauti ingawa si kwa cheo, alikuwa matroni wa hospitali, mama wa Kinyakyusa ambaye akiongea wodi ya kwanza, wodi ya nne wanatandika vitanda. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma karibu na mlango. Binti yangu alisimama, akawaonyesha fomu zote zikiwa zimepangwa vizuri. Nikaona vichwa vinatikisika kwa kukubali. Kisha akatoa daftari langu.

"Hizi fomu zinasema kigari hakijamgonga mtu," alisema. "Ni kweli. Lakini sikupima kigari. Nimepima adabu ya watu wa Mbeya."

Akawaonyesha mistari. Akawaonyesha rekodi ya mama aliyepiga goti. Hakuacha kitu. Aliposema kwamba kosa ni lake, kwa kuwa ndiye aliyetunga maswali, aliwatazama wote watano usoni.

Matroni aliegemea mbele. "Kwa hiyo, mwalimu, wiki zote hizi ni sisi tuliokuwa tunakipisha?"

"Ni ninyi, matroni."

"Na tukaandika tano."

"Mkaandika tano."

"Ala!" Alicheka hadi akavua miwani. Kisha kicheko kikaisha. "Sasa mgonjwa wangu mwenye mshono tumboni, naye atakipisha? Atajibana ukutani?"

"Atajibana. Ndiyo maana siombi ruhusa leo. Naomba muda."

Walimpa miezi miwili. Wasiporidhika baada ya hapo, chumba ni stoo. Tukatoka. Kwenye korido aliniambia, "Nimeshindwa, Baba," nami nikamshika bega. Moyoni nilikuwa nasema kwamba nimewaona watu wengi wakisimama kanisani kushuhudia, na wachache walisimama vile.

Wiki iliyofuata alikuja na swali lililonichekesha.

"Baba, nitapata wapi watu wasio na adabu?"

"Wa nini?"

"Wa kupimia. Wasiokipisha. Hapa hata nikiwaambia wasikipishe, wanakipisha. Kwa nini wanakipisha?"

Nilifikiri. Jibu lilikuwa karibu mno, ndiyo maana sikuliona mapema. "Kimebeba mzigo," nilimwambia. "Njiani mwenye mzigo hupishwa. Mwenye mikono mitupu husimama pembeni, mwenye kuni au ndoo akapita. Hao hawakiogopi. Wanakionea huruma."

"Kumbe! Na wakikutana wawili, wote wana mizigo?"

"Hapo mdogo humpisha mkubwa."

"Basi nahitaji watu wenye mizigo."

Wenye mizigo nilijua wanapatikana wapi. Kijijini kwetu Sikukuu ya Mavuno ilikuwa karibu, na Jumamosi ya kutangulia wanawake wa mitaa yote huleta sadaka zao: mahindi, maharage, maboga, viazi, kuku waliofungwa miguu. Vyote hupitishwa kwenye baraza ndefu ya ukumbi wa usharika, kwenda chumba cha kuhifadhia. Nilimpigia simu mchungaji. Aliuliza swali moja tu: "Hakitapanda madhabahuni?" Nikamhakikishia hakiwezi ngazi. "Basi kije."

Tulikifunga kwa kamba kwenye lori la mbao lililokuwa linarudi Mafinga tupu, na kutoka pale pikapu ya jirani ikatufikisha kijijini. Wakati huo binti yangu alikuwa amekwisharekebisha macho ya kigari yamtambue mtu aliyepiga goti, aliyeinama, aliyekaa chini. Wanafunzi wake walizunguka chuo wakijifunga vitenge na kupiga magoti, wavulana kwa wasichana, mpaka walinzi wakauliza kama ni mazoezi ya harusi. Kilichobaki ni hili la kupishana.

Jumamosi ile kigari kilipakiwa maboga, kikatumwa kutoka lango la kanisa hadi chumba cha mavuno. Nikakaa na daftari jipya. Wa kwanza kukutana nacho alikuwa jirani yangu, bibi anayenizidi umri, kikapu cha mahindi kichwani, kuku mkononi. Akasimama. Kigari nacho kikasimama. Bibi akasogea, kikasogea upande uleule. Akarudi, kikarudi.

"Kamwene," alikisalimia kwa Kihehe. Kikanyamaza. Akageukia watu. "Hiki hakijui kusalimia?"

"Bibi, hakisemi," mtu akamwambia.

"Hakisemi Kihehe au hakisemi kabisa?"

"Kabisa."

"Basi kinipishe. Na mimi nina mzigo!"

Watu walikuwa wamekwisharundikana nyuma yake, vikapu vichwani, wakicheka. "Bibi, kimebeba maboga, kipishe wewe!" "Nikipishe mimi niliyezaliwa kabla ya baba yake na hiki?" Kuku akapiga kelele. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni, kompyuta mikononi, uso umemwiva kwa aibu. Bibi akamwita.

"Njoo wewe. Hiki kina umri gani?"

"Kilianza kutembea mwezi wa kumi na moja, bibi."

"Mwezi wa kumi na moja uliopita?"

"Ndiyo."

"Ah! Hata mwaka hakina? Basi mfundishe mtoto wako kupisha wakubwa."

Ukumbi mzima ulicheka, na binti yangu akacheka hadi machozi, lakini nilimjua. Mkono wake ulikuwa unaandika. Jioni aliniambia kwamba tatizo lilikuwa hilohilo. Walikifundisha kigari kuwa sawa na mtu: nusu kikupishe, nusu ukipishe. Kikikutana na watu wapole, kinachukua yote. Sasa kitakuwa mdogo kuliko kila mtu kwenye korido. Kikiona mtu, hatua kadhaa kabla, kisogee ukutani na kupunguza mwendo, ili mtu asilazimike kuamua lolote.

Alikibadilisha palepale, na Jumapili baada ya ibada tukajaribu tena. Kumbe tuliharibu upande wa pili. Kigari kilijibana ukutani langoni pa ukumbi na kubaki hapo tangu mnada wa mavuno ulipoanza hadi ulipokwisha, kwa kuwa watu hawakuacha kupita. Maboga hayakusogea hata hatua kumi. Wazee wa kanisa walikitazama kwa huruma. Mmoja akasema kimekuwa kama mkamwana mgeni, anaona haya hata kula.

"Mama," nilimwambia, "adabu si kusimama tu. Mtoto aliyetumwa lazima afike."

Kwa hiyo akapima mambo mawili pamoja, kwenye karatasi moja. Kwanza, mistari ya watu: imepinda au imenyooka? Pili, mzigo: umefika au haujafika, na kwa muda gani? Fomu ya alama aliiacha kabisa. Alisema watu wa kwetu wataendelea kusema vizuri mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo ataiuliza miguu yao. Kigari kikajifunza kupisha na kisha kuondoka, kupenya nafasi inapopatikana, kusubiri tena, kama mtoto aliyetumwa chumvi anavyopita katikati ya wakubwa waliosimama wakiongea. Tulirudi Mbeya na wanafunzi wakaendelea nacho wiki nyingi. Mimi nilichora. Kidogo kidogo mistari ya watu ilianza kunyooka na ule wa kigari ukaanza kupinda, na sijawahi kufurahia mstari uliopinda namna ile.

Jopo liliporudi, matroni hakutaka karatasi. Alichukua sinia ya vifaa kutoka chumba cha sindano, akaingia koridoni mwenyewe, akatembea katikati moja kwa moja kukielekea kigari, kifua mbele. Kigari kilisogea ukutani mapema, kikapunguza mwendo, akapita bila kubadilisha hatua. Akarudi. Safari hii alipokikaribia alipiga goti ghafla sakafuni, yeye na sinia yake. Wauguzi wakashtuka. Kigari kikasimama mbali, kikatulia, kikamsubiri. Alikaa pale kwa makusudi mpaka goti lake mwenyewe likalalamika. Nilipotazama pembeni, binti yangu alikuwa amefumba macho.

"Nisaidieni kuinuka," matroni alisema. Akainuliwa, akajipangusa. "Mashuka yalifika jana?"

"Yalifika, matroni. Yote," binti yangu akajibu.

"Kianze Jumatatu. Wodi ya wazazi, asubuhi tu. Nikiona mzazi mmoja ameshika ukuta, nakitoa mwenyewe kwa mkono wangu."

"Sawa, matroni."

"Na hongera, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana."

Binti yangu hakuruka wala kupiga vigelegele. Alishukuru, akaenda kuwaambia wanafunzi wakachaji betri. Mimi nilikwenda nje, nikavua kofia, nikamshukuru Mungu kwa mke niliyepewa na kwa mtoto aliyemzaa.

Jumatatu binti yangu hakuweza kuja. Alikuwa na kipindi darasani, na hakutaka kuwaacha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akaniomba nikae badala yake. Nikakaa mlangoni pa wodi. Mwanzoni wawili watatu walikigeukia kigari. Kisha, kadiri asubuhi ilivyokwenda, kikaja na mashuka, kikarudi, kikaja na sahani. Mama mmoja aliyejifungua juzi alikuwa anajikokota kwenda chooni, mkono kwenye mgongo, akiongea na dada yake habari za jina la mtoto. Kigari kilitokea mbele yao, kikasogea kando, kikawaacha, kikaendelea. Hakunyanyua kichwa. Hakukatiza hata sentensi aliyokuwa anaisema. Muuguzi wa zamu alichukua mashuka mlangoni, akageuka, akarudi kwa mgonjwa wake.

Nilimpigia binti yangu simu kati ya vipindi.

"Baba! Kimefanya nini?"

"Hakuna aliyekitazama."

Nilisikia kelele za wanafunzi nyuma yake.

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa, Mama. Wanapita zao. Wanaongea habari zao."

"Na mashuka?"

"Yamefika."

Kisha nikamsikia akiliambia darasa lake wakae chini, kuna jambo anataka kuwasimulia, na akasahau kukata simu. Nikabaki pale mlangoni pa wodi, simu sikioni, nikimsikiliza anavyofundisha.